Maji Yale Si Mafua

"Nimekwambia usipenge!" Dada mtu alimpokonya kaka yake leso mbele ya basi zima. Kaka, fundi seremala mwenye bandeji nyuma ya sikio, alikuwa na wiki mbili tangu atolewe uvimbe ndani ya sikio, karibu na ubongo. Nilikaa nyuma yao, najifanya nasoma.

"Mafua tu, dada."

"Mafua gani hayo, maji matupu, tundu moja, tena ukiinama? Daktari alisema usipenge, usijikamue chooni, usibebe kitu. Maji yakitoka puani, njoo siku hiyohiyo, ni maji ya ubongo. Wewe jana umebeba kabati!"

"Nusu kabati. Upande wa pili alishika mteja." Nilikaribia kucheka, kisha nikaona dada anafuta macho.

"Wataniingiza tena ule mrija wa kupunguza maji mgongoni," kaka alisema kwa sauti ndogo.

"Afadhali mrija kuliko nikuuguze homa ya uti wa mgongo."

Basi lilisimama kituo cha hospitali. Dada akainuka, kaka akang'ang'ania kiti. "Kesho, dada. Naapa."

"Sishuki bila wewe," alisema, akasimama katikati ya viti, akaziba njia. Kondakta alimtazama dereva. Dereva akazima injini.