Clémence Ngabu na Mashine ya Pili

Wachungaji, majirani, jamaa mliotoka Mahagi na Butembo, mimi Adolphe, mdogo wake, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu Clémence Ngabu.

Alizaliwa Irumu tarehe 14 Mei 1968, binti wa Muzee Augustin, mfugaji wa ng'ombe, na Mama Félicité, akasoma sekondari hapa Bunia, kisha chuo kikuu Kisangani, alikopata licence, yaani shahada, ya uchumi mwaka 1993. Tarehe 5 Agosti 1995 alifunga ndoa na shemeji Paluku, mfanyabiashara wa Butembo, na Mungu akawajalia Alliance na David.

Mwaka 2006 aliajiriwa na kampuni ndogo ya umeme unaozalishwa kwa maji ya mto, kazi yake kukadiria mji utahitaji courant, yaani umeme, kiasi gani miaka ya mbele. Mwaka 2014 biashara ilifufuka, maduka yakajengwa mpaka Iga Barrière, nje ya mji, lakini wateja wapya wa umeme walikuwa wachache, wakubwa wa kampuni wakataka kufuta ununuzi wa mashine ya pili ya kuzalisha umeme. Dada akasimama mkutanoni, akasema, "Mutu akipata faranga, anajenga nyumba kwanza, courant anaitafuta nyuma. Mungojee, itaombwa yote mara moya." Wakamhamishia kwenye ofisi ya malalamiko ya wateja, naye hakunyamaza, akawaendea wasaga unga, wachomelea vyuma na wauza samaki, akawauliza wanapanga kununua mitambo gani, akarudi na majibu yao kwa wakubwa, akafukuzwa mlangoni, akarudi tena, mpaka mwaka 2016 wakakubali kuinunua, na kufikia 2018 umeme wote wa mashine ile ulikuwa umekwisha kupata wateja.

Mwaka 2021 usalama uliharibika, soko likaanguka, wakubwa wakataka kuizima mashine hiyo. Akawaambia, "Mwenye alizoea samaki ya baridi ya frigo hatarudia samaki ya chumvi. Biashara inaanguka mbio, courant inashuka polepole." Mashine haikuzimwa, na mwaka uleule mjukuu wake Falone alizaliwa kwa upasuaji, taa za hospitali zikiwaka kwa umeme huo.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2024, hata hivyo aliendelea kudai mashine ya tatu, hadi Bwana alipomwita tarehe 9 Machi mwaka huu wa 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe Paluku.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliopika na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake, mliokuja leo na wakubwa wenu. Wakubwa, tunawaomba jambo moja, msingoje mpaka mji uanze kulilia umeme.

Dada, una haki ya kuchoka, pumzika kwa amani ya Bwana.