Karatasi Iliyongoja Muhuri

Mheshimiwa Mchungaji Cédric, mwenyeji wetu katika ukumbi huu. Sheikh Burhani, uliyetoka Soweto kuja kukaa nasi. Mama Zabibu, mwenyekiti wa mafundi cherehani wa mtaa wetu huu wa La Rochelle, hapa Johannesburg. Ndugu wageni waalikwa. Nanyi watoto wetu mnaosikia Kiswahili vizuri kisha mnatujibu kwa Kizulu: nawasalimu wote, kila mmoja kwa heshima yake.

Nimepewa dakika kumi nimuage Mama Léocadie, anayerudi kwetu Kongo baada ya miaka ishirini ya kufundisha ushonaji katika jiji hili. Sifa zake mnazijua. Mwaka 2008, wageni tulipofukuzwa majumbani kule mtaa wa Alexandra, wengine tulitoka na mabegi na magodoro; yeye alitoka na kichwa cha cherehani amekikumbatia kama mtoto mchanga, na kesho yake, kwenye hema la waliofukuzwa, alikuwa anawashonea watu nguo zilizochanika. Nani katika ukumbi huu hajawahi kukaripiwa naye kwa sababu ya mshono uliokwenda upande? Suruali hii niliyovaa aliifumua mara mbili.

Lakini iko hadithi ambayo Mama huisimulia kila shughuli, na leo pia ameisimulia kabla sijasimama. Anasema wakati wa vita yeye na mdogo wake Agnès walikuwa miongoni mwa watu waliochukuliwa vijijini wakagawanywa kwa makamanda, wakachimba madini bila ujira wala ruhusa ya kuondoka, kila mtu na bwana wake. Huo ulikuwa utumwa, na tuuite kwa jina lake. Anasema waasi waliokuwa serikali yetu wakati ule walitoa amri ya kuwaachia watu hao, na kwamba karani mmoja kijana, Firmin, mara tu alipoipata, alikwenda kwa miguu hadi machimboni kuwasomea. Mnapiga makofi. Nainamisha kichwa, nanyi mnasema Papa Firmin ni mnyenyekevu.

Ndugu zangu, nilikuwa naona haya.

Amri ile ilifika ofisini kwangu Jumanne, imeletwa na mtu wa pikipiki. Haikutoka katika huruma. Vita ilikuwa inawaelemea wakubwa, na walitaka wageni wa mataifa wawaone kuwa ni serikali ya kweli. Hata hivyo ilikuwa amri, imepigwa chapa vizuri, na ilisema wazi kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kamanda mwenye haki ya kummiliki mtu. Ilikosa kitu kimoja, muhuri wa msimamizi wetu, naye alikuwa amesafiri na muhuri mfukoni kwenda kumwoza mpwa wake. Ninyi mliokulia Kongo mnajua: kwetu karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga. Nikaiweka mezani, nikaweka jiwe juu upepo usiipeperushe, nikangoja. Machimbo yalikuwa mwendo wa nusu siku, na miguu nilikuwa nayo yote miwili.

Siku ya tisa mvua ilinyesha, ukuta wa shimo ukaporomoka, na Agnès alikuwa chini pamoja na wenzake. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Siku ya kumi na moja msimamizi akarudi, akagonga muhuri, nami nikaondoka mbio, mbio hizo ambazo Mama anazisifu mpaka leo. Je, mnajua kamanda alifanya nini? Aliikunja karatasi bila kuitazama. Habari alikuwa ameshaisikia kwenye redio ya jeshi. Akaniambia, "Tulikuwa tunangoja tu mtu aje aseme." Hakuna aliyeomba kuuona muhuri.

Nilimkuta Mama Léocadie kando ya njia, mikono imejaa udongo wa kaburi. Akanishika akasema, "Asante, ndugu yangu, umekuja haraka." Pale ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Tulipokutana tena hapa Johannesburg ningesema, lakini akanitambulisha kwa watu kuwa ndimi niliyewatoa utumwani, nami nikanywa chai yangu. Mtaniuliza, miaka yote hii ulinyamazia nini? Kupendwa ni kutamu, na nilijipenda mwenyewe kuliko nilivyomheshimu yeye.

Leo nimeshindwa kunyamaza kwa sababu ya bango hili lililo nyuma yangu. Mama anakwenda kufungua shule ya ushonaji kijijini kwao, na amelichorisha jina: Shule ya Firmin. Wazazi wa waliofukiwa katika shimo lile watapita chini yake kila asubuhi. Mama, nakusihi lifutwe, liandikwe jina la Agnès. Na wakikuuliza Firmin ni nani, waambie zile siku kumi na moja.

Tena nakuomba usinijibu leo. Ukumbi umejaa, chakula kimepakuliwa, na wewe hupendi kuharibu shughuli ya watu. Utasema umesamehe ili tule. Usifanye hivyo. Basi lako linaondoka Alhamisi. Nitafika asubuhi kukubebea mizigo, na ukinifungia mlango, nitajua, nitarudi nyumbani kwangu.

Waheshimiwa, ndugu zangu, asanteni nyote kwa kunisikiliza. Na asante wewe, Mama Léocadie, kwa kukaa kitini mpaka nimemaliza.