Chaguo la Kwanza la Paskazia

Jumamosi ile kijiweni Zuzu, ng'ambo ya reli, tulikuwepo hawa: mzee Gerson, karani mstaafu, tunamwita Masijala, Silvano fundi viatu, tunamwita Nabii, Sostenes wa bodaboda, tunamwita Digrii kwa sababu anayo, ya mawasiliano na habari, mimi Mama Elisante muuza kahawa, mwanangu mgongoni, na mdogo wangu Paskazia, aliyemaliza kidato cha sita. Dirisha la maombi ya chuo lilikuwa linafungwa saa sita mchana. Digrii aliacha abiria wawili asubuhi ile ili amjazie fomu kwenye simu yake, kwa bando lake. Nabii alihamia juani ili binti akae kivulini.

— Chaguo la kwanza? aliuliza Digrii.

— Mawasiliano na habari, kaka.

Digrii akaishusha simu.

— Nani kakuroga?

— Nataka kutengeneza vipindi vya redio. Bibi kule Mpwapwa anasikiliza redio kutwa nzima, na hakuna hata mmoja anayemuuliza yeye kitu.

— Mdogo wangu, mimi nilijitolea redioni miezi kumi. Nimetangaza misiba, nimetangaza ng'ombe waliopotea. Nafasi ilipotokea, akapewa mchekeshaji mwenye wafuasi mtandaoni. Miaka mitatu nimesomea kuzungumza na umma. Leo umma wangu unakuja mmoja mmoja, nauambia, "Vaa kofia."

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Nabii. Ndiyo maana watangazaji wote wanakaa kwenye viti.

— Tulia wewe, alisema Masijala. Shida ni nafasi. Kila ofisi ina afisa habari mmoja, na afisa habari hafi! Nimekaa masijala miaka thelathini na moja. Makarani wamekufa, madereva wamekufa, mkurugenzi naye kaenda. Afisa habari? Wapi!

— Atakufaje, na tangazo la kifo analiandika yeye? alidakia Digrii.

— Ndiyo hapo sasa!

— Halafu habari zina mazoea, zinamfuata mtangazaji mpaka nyumbani, alisema Nabii. Kuna mmoja alitangaza mafuriko, kufika kwake godoro linaelea. Akatangaza moto, jiko likamlipukia. Siku hizi anatangaza hali ya hewa tu, tena mguu mmoja uko mlangoni.

— Asomee ualimu, alisema Masijala. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watoto wanazaliwa kila siku, na wote ni wageni wa mwalimu.

— Lakini babu, alianza Paskazia.

— Subiri, mjukuu wangu, wakubwa tunakusaidia.

Walikuwa wanamsaidia kweli. Hakuna aliyemtakia mabaya, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kijiweni kwetu jambo likigoma tunapiga kura kwa vikombe. Anayekubali anafunika chake.

— Ualimu namba moja, mawasiliano namba tatu, alisema Masijala, akafunika.

Nabii akafunika. Digrii alikitazama kikombe chake, kahawa bado imo. Akainywa yote, akakifunika polepole. Kisha wakanitazama mimi.

Mimi niliishia la saba. Ya vyuo siyajui. Ninachokijua ni Digrii, ambaye nimemwona akifuta vumbi la pikipiki kwa fulana ya mahafali yake. Nilimwangalia mdogo wangu, nikaogopa. Nikafunika.

— Tuma, alisema Masijala.

Digrii akatuma. Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne. Mpaka simu inajibu kwamba maombi yamepokelewa, dirisha lilikuwa limefungwa.

Ndipo akaja Bupe, mwanafunzi ambaye Digrii humpeleka chuoni Chimwaga.

— Shikamooni. Naona vikombe vimelala. Leo mmepigia nini kura?

— Kozi ya huyu mdogo wetu, alisema Digrii.

Bupe akamtazama Paskazia, akatazama benchi.

— Na kikombe chake kiko wapi?

Masijala akakohoa. Nabii akaokota kiatu alichokwisha kukishona. Digrii akaenda kuwasha pikipiki. Anayegawa vikombe ni mimi, na kahawa ilikuwepo.

Mwezi wa kumi Paskazia alikwenda kusomea ualimu. Digrii alimpakia na sanduku lake mpaka chuoni, hakutaka nauli.