Nyuki Wote Wanaishi Mjini: Kumuaga Bi. Esperansi Nibitanga

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Esperansi Nibitanga wa Kitengo cha Taarifa cha kituo chetu cha utafiti wa kilimo anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike kitu cha kuchangamsha. Nimejaribu, lakini someni wenyewe.

Bi. Esperansi alifika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu kutoka Burundi akiwa mtoto mdogo. Hapa kituoni alianza kwa mkataba wa muda, ukiongezwa mwaka hadi mwaka, na uraia ulipopatikana ndipo akaajiriwa rasmi. Labda ndiyo maana hakuweza kuvumilia karatasi isiyojieleza. Ripoti isiyo na mwandishi, mwaka wala mahali aliiita mkimbizi asiye na kadi, akacheka yeye wa kwanza. Sisi wengine tulitazamana kwanza, hatujui kama ni halali kucheka.

Kazi yake, kwa wale ambao hadi leo hawajaielewa, ni hii: kila utafiti wetu unaowekwa mtandaoni lazima uende na maelezo yake. Nani kaandika, lini, zao gani, eneo gani, na yote kwa mpangilio mmoja na vituo vingine ili mtu akitafuta apate. Wataalamu huyaita metadata. Yeye aliyaita lebo ya mfuko wa mbegu. Mtafiti wetu Hilari hapandi mbegu zisizo na lebo hata umtishie rungu, lakini ni huyo huyo aliyemletea faili lenye jina "Ripoti ya mwisho kabisa mpya". Weee! Alirudishiwa kantini, mbele ya wali wake.

Juu ya hayo aliongeza jina la wenyeji. Alipiga simu vijijini kuuliza ugonjwa wa zao unaitwaje huko, maana mkulima hatafuti kwa Kilatini. Simu ya Tura ilimla asubuhi nzima, kwa sababu mzee wa upande wa pili alitaka asalimiwe yeye, kisha nyumba yake, kisha ng'ombe.

Mwaka juzi ukaja mfumo mpya. Nyaraka zote zikahamishwa, na kwa haraka iliyokuwepo, kisanduku cha mahali kikajazwa na mashine kwa anwani ya ofisi yetu. Tangu siku hiyo pamba ya Nzega, mihogo ya Ulyankulu, hata nyuki wa porini, wote wanaishi Tabora Mjini. Majina ya wenyeji yalikosa kisanduku, yakaachwa njiani. Bi. Esperansi alisimama kikaoni akasema jamani, tunazika vitu vingali hai. Akajibiwa kwamba yatarekebishwa mbele ya safari.

Aliyeumia akawa wa damu yake. Kaka yake Leonadi, mkulima wa Ulyankulu, alikaa na bwana shamba wakatafuta kwenye simu ugonjwa wa mihogo wa huko kwao. Jibu: hakuna kitu. Basi akakata pingili shambani mle mle akapanda upya. Majani yalipendeza kweli, ila alipong'oa, mihogo ilikuwa imeoza ndani, kahawia tupu. Utafiti wa kumwokoa, unaoonya kwamba ugonjwa huo huenea kwa pingili, ulikuwepo, wa Hilari, uliofanywa Ulyankulu hiyo hiyo, na shamba mojawapo lililopimwa lilikuwa la marehemu baba yao. Bi. Esperansi alirudi kutoka likizo ya Pasaka kwa kaka yake, akakaa mezani kwake akalia. Hatukuwahi kumwona hivyo, na inaniuma hadi leo.

Alimpelekea kaka yake nakala, lakini majirani wa Leonadi ni wengi. Kwa hiyo akaanza kurekebisha nyaraka moja moja kwa mkono. Tulidhani ataanza na Ulyankulu. Akakataa katakata, asije mtu akasema anawapendelea wa kwao. Akaanza Nzega, akaenda Tura, akapita vijiji vyote vya reli. Ulyankulu akaiweka mwisho. Uungwana gani huo, mama? Mimi nasema ulikosea, na nasema kwa mapenzi.

Tarehe 30 nywila yake inafungwa. Ameomba aendelee bure, ila utaratibu haumruhusu mstaafu kuingia kwenye mfumo. Nafasi yake haijatangazwa. Ulyankulu haijaguswa.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, hakutaja godoro wala mabati. Aliomba kila mtafiti arekebishe mwenyewe ripoti zake za Ulyankulu kabla yeye hajaondoka. Tulikubali kwa makofi, Hilari akipiga kwa nguvu kuliko wote. Baadaye ikaonekana kila mtu ana kazi nyingi, tukamchangia jokofu. Ni jokofu zuri, la milango miwili.

Bi. Esperansi, asante kwa kutugombeza kwa miaka yote hiyo, na asante kwa kila mkulima wa Nzega na Tura aliyetafuta akapata bila kujua ni mkono wa nani. Tunakutakia maisha mema Ulyankulu, wewe na kaka Leonadi, na mihogo iwe mizima safari hii. Jokofu tutalifikisha wenyewe hadi mlangoni. Ulyankulu tunapajua.