Makombo ya Fyuzi: Safari ya Mdogo Wetu, Waya

Marehemu tunayemsindikiza leo alipewa jina refu la babu mzaa baba, lakini hakuna aliyelitumia isipokuwa walimu na makarani wa hospitali. Mlimwita Waya, naye akaitika, na sisi nyumbani tukachoka kupinga. Wasifu huu nimeuandika mimi dada yake mkubwa, fundi cherehani. Mkiona mahali uzi umekazwa mno, mnisamehe. Mkono wangu ndivyo ulivyo.

Alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, akiwa wa mwisho kati ya watoto watatu wa baba yetu, mpiga chapa, na mama yetu, muuguzi. Kaka yetu wa katikati alitangulia angali mdogo, tukabaki wawili, mimi na Waya. Akiwa na miaka saba aliifungua redio ya baba ili amwone huyo mtu anayesoma habari. Hakumwona. Akaifunga tena haraka haraka, akabakiwa na skrubu moja mkononi. Baba aliporudi kazini akaiwasha, nayo ikasikika vizuri kuliko siku zote. Waya alikaa na hiyo skrubu mfukoni akisubiri kipigo ambacho hakikuja, na mpaka anazeeka alikuwa akisema haijulikani ilikuwa ya nini.

Shule ya msingi aliianza mwaka 1965. Huko alikalishwa dawati moja na mtoto aliyekuwa akiimba hata wakati wa hesabu, ndiyo maana akaitwa Kengele. Wawili hao walikuwa chanda na pete. Baba yake Kengele alikuwa mwimbaji wa bendi ya dansi, na ndiye aliyemfundisha Waya kushika gitaa, akimgonga vidole kwa kijiti kila alipokosea. Mwaka 1975 Waya aliingia chuo cha ufundi, akatoka 1977 na cheti cha ufundi redio.

Mwaka uliofuata alifungua chumba cha kazi chini ya ngazi, katika jengo lile lile lenye karakana yangu ya ushonaji ghorofa ya kwanza. Alitengeneza redio, pasi, feni, na vitu ambavyo wenyewe walikuwa wameshavikatia tamaa. Kibao chake mlangoni kilisema: "Kikipona, asante. Kisipopona, pole." Hakuwa mwepesi. Mtu akilalamika, alimwambia, "Mwenzangu, kimeugua mwaka mzima, unataka kipone leo?"

Bendi ilianza mwaka 1979. Waya alipiga besi, Kengele aliimba, na walikuwepo mpiga dramu na mpiga solo. Walipiga roki, na majirani walipiga kelele. Siku ya onyesho lao la kwanza, ukumbi mzima uliingia giza kabla wimbo haujafika katikati. Mlinzi akaita, "Nani ameunguza fyuzi?" Mpiga dramu akajibu kwa fahari, "Sisi!" Basi wakawa Fyuzi.

Walirekodia katika karakana yangu, kwa sababu majora ya vitambaa yanameza mwangwi. Waya alikuwa na sharti moja: rekoda ikishawashwa haizimwi mpaka mtu wa mwisho atoke chumbani. Alisema kuzima na kuwasha kunaacha mlio mbaya kwenye utepe. Kwa hiyo tepe za Fyuzi zina nyimbo, na katikati ya nyimbo zina utani, chafya, ugomvi wa nani kala andazi la nani, na cherehani yangu. Siku moja waliniomba nisimame kushona. Nilikuwa na sare za shule za kumaliza. Nikawaambia, "Nyie mna haraka ya sifa, mimi nina haraka ya kola." Mpiga dramu akaamua kufuata mguu wangu, na wimbo ule hadi leo unakwenda kwa mwendo wa kola.

Walitoa santuri mbili. Kilichobaki, yaani nyimbo ambazo hazikuingia popote na zile za watu wengine walizozipiga upya kwa mtindo wao, kilikaa kwenye makopo ya bati juu ya rafu yangu. Hizo Waya aliziita makombo.

Mwaka 1984 alifunga ndoa na wifi yangu huyu mnayemwona hapa. Alikuwa amempelekea pasi. Mara tatu aliambiwa pasi haijapona. Pasi ilipona siku ile ile ya kwanza, ila fundi alitaka kumwona tena. Na wala haikuwa pasi ya wifi, aliiazima kwa jirani, ambaye alivaa nguo za makunyanzi mpaka uchumba ukatangazwa. Walijaliwa mtoto mmoja, binti, ambaye leo ni fundi sauti.

Sasa nafika mahali ambapo wengine wangeruka. Sitaruka, na mwenyewe anayehusika ameniambia nisiruke.

Jumamosi, tarehe 8 Novemba 1986, Fyuzi walikuwa wakirekodi wimbo wa taratibu wa yule mzee, baba yake Kengele, ambaye tulikuwa tumemzika muda mfupi kabla. Kengele aliimba akiwa ameelekea ukutani, kama kawaida yake. Kwenye ubeti wa mwisho sauti ikamkatika. Nyuma yake akasikia mtu anakwama-kwama, ha, ha, ha. Akajua Waya anamcheka. Aliweka maiki chini, akatoka, akashuka ngazi, na Fyuzi ikaishia hapo.

Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye cherehani. Mdogo wangu hakuwa anacheka. Alikuwa amejikunja juu ya besi analia. Kulia hakukujua huyu, tangu utotoni alilia kama mtu aliyepaliwa. Nilimkimbilia Kengele nikamkuta kwenye ngazi, nikamwambia. Akanijibu, "Dada, wewe ni damu yake, utasema nini kingine?" Waya naye alimfuata nyumbani, akabisha, hakufunguliwa. Akarudi tena, hakufunguliwa. Baada ya hapo naye akakaza shingo. Ushahidi ulikuwa kwenye utepe, maana rekoda haikuzimwa. Lakini paa langu lilivuja masika yaliyofuata, maji yakaingia kwenye lile kopo, utepe ukagandana ukawa kama kipande cha sabuni.

Maradhi ya figo yalimwanza mwaka 2019. Mwaka 2023 aliacha kazi, na kwa kuwa hakuweza kukaa bure, aliniomba nimshushie makopo. Akiwa na binti yake walianza kuyakusanya makombo yawe albamu moja. Ule utepe uliogandana aliubandua kidogo kidogo, akiukausha chini ya taa, siku nyingine kipande kisichozidi urefu wa mkono. Binti alitaka kukata vikohozi na maneno. Baba yake akamwambia, "Hao ni watu, mwanangu, si uchafu."

Albamu ikakamilika, lakini kwa Waya ilikuwa wote wanne wakubali au isitoke. Mpiga dramu alisema alikuwa ameshakubali tangu jana yake. Mpiga solo alikubali kwa simu kutoka mbali anakoishi. Kengele, ambaye siku hizi ni fundi miwani, alimrudisha mpiga dramu, aliyetumwa kwake, na jibu: "Makombo mwambie ale mwenyewe. Mimi nimeshiba."

Nilimwambia mdogo wangu, "Si umpelekee tu huo utepe asikie?" Akasema, "Alitoka kwa miguu yake, arudi kwa miguu yake. Ngazi ni zile zile." Nikamwambia, "Nyie wawili mkigonga vichwa ukutani, ukuta ndio utakaoomba radhi." Alicheka mpaka akakohoa. Lakini nilimwona anavyotazama mlango kila alipoupiga ule wimbo. Alichotaka hakikuwa albamu. Alitaka rafiki yake ajue kwamba hakuchekwa.

Mapema Januari mwaka huu alilazwa, na huko wodini akailegeza shingo. Siku ya Jumanne alimwambia binti yake, "Mpelekee." Binti akabeba rekoda na hedifoni mpaka kwenye duka la miwani. Kengele alikuwa na mteja kwenye kiti. Akasema, "Mwanangu, leo nimebanwa. Njoo kesho."

Binti aliporudi, baba yake akamuuliza, "Amekataa?"

"Hapana, baba. Amesema kesho."

"Basi vizuri," akasema. "Kesho si mbali." Akaomba ageuzwe upande, akalala. Aliaga dunia asubuhi iliyofuata, Jumatano tarehe 15 Januari 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Alhamisi Kengele alikuja msibani. Binti alimpandisha mpaka karakana, akamkalisha, akamvisha hedifoni bila kumwambia neno. Nami nilikuwepo. Alijisikia anaimba. Alisikia sauti yake inakatika, akasikia hatua zake, akasikia mlango. Halafu akasikia yaliyofuata, ambayo kwa miaka yote hii hakuyajua: mtu analia kwa kukwama-kwama, analia muda mrefu, kisha sauti ya Waya, changa na imejaa kamasi, inasema, "Mwiteni arudi. Hii haturudii. Mzee angeipenda hivi hivi."

Kengele alivua hedifoni. "Dada, alikuwa analia."

"Alikuwa analia."

"Na mimi nikasema njoo kesho."

Nilimshika bega, tukalia wote, na hatukulia vizuri kumshinda Waya. Alipopata sauti alisema, "Dada, liandike lote. Usinisitiri." Nimeliandika. Na lazima niandike pia kwamba sikuona mtu aliyechelewa peke yake mle ndani. Niliona watu wawili waliopendana, kila mmoja akingoja mwenzake aanze kupanda ngazi.

Makombo yatatoka, wote wanne wamekubali. Wimbo wa mzee ndio wa mwisho, pamoja na kilio chake, pamoja na mlango.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja na mkwe wake, wajukuu wawili wanaobomoa redio kwa ruhusa yake, mimi dada yake, wenzake watatu wa Fyuzi, na feni kadhaa chini ya ngazi ambazo wenyewe wanaombwa waje wazichukue. Nyingine zimepona.

Kabla hatujaweka udongo, Kengele ameomba aimbe ule ubeti wa mwisho. Hajaimba tangu siku ile. Binti ameiweka rekoda hapa karibu na jeneza, imewashwa, na haitazimwa mpaka mtu wa mwisho aondoke. Sauti yake ikikatika, mwacheni. Familia inaomba jambo moja tu: atakayelia, alie kwa sauti inayoeleweka, ili asije akadhani anachekwa.

Lala salama, mdogo wangu. Amerudi kwa miguu yake.