Koti la Ottavio

Ndani ya tramu, hapa Milano, wengi tulikuwa tunakwenda kutoa heshima za mwisho kwa mbunifu wa mavazi, Ottavio Brandolesi. Binti mmoja, mwanafunzi wa ubunifu, akamwambia bibi aliyekaa kando yake, "Huyu ndiye aliyebuni koti lisilo na bitana, kile kitambaa cha ndani."

"Nani kakwambia? Bitana niliitoa mimi, fundi wake, mteja alipolalamika joto. Ottavio akanifokea mbele ya wenzangu. Kesho yake akawaonyesha waandishi koti lile lile, akasema ameliota."

Nikajifanya nasoma gazeti.

"Lakini bibi, bila jina lake nani angelinunua?"

"Na bila mkono wangu angeuza nini? Miaka thelathini hakunitaja hata siku moja."

"Sasa mbona unakwenda kumuaga?"

Tramu ikasimama. Bibi akainuka. "Nasikia wamemvisha koti langu. Nakwenda kuona kama wamelipiga pasi."