Oswin Trotman na Turubai za Gibbs Hollow

Jumatatu tarehe 7 Machi 1994, saa mbili asubuhi, nilifika uwanja wa kriketi wa Gibbs Hollow kutafuta kazi. Nikamkuta mtu mrefu amelala kifudifudi katikati ya uwanja. Nilidhani amezimia, nikamkimbilia.

"Wewe! Viatu!" alifoka bila kuinuka. "Hapa tunaingia pekupeku."

Alikuwa anapima unyevu wa udongo kwa shavu. Huyo ndiye Oswin Da Costa Trotman, tunayemzika leo, aliyenipa kazi siku ile na baadaye akawa baba mkwe wangu.

Marehemu alizaliwa tarehe 19 Agosti 1941, St. Philip, Barbados, mtoto wa nne wa Clement Trotman, mkata miwa, na Ianthe. Alisoma shule ya msingi ya parokia hadi baba yake alipofariki mwaka 1955, akaingia shambani kukata miwa. Mwaka 1959 aliajiriwa kuvuta rola ya kusawazisha uwanja wa Gibbs Hollow, na mwaka 1972 akawa mtunzaji mkuu.

Tarehe 16 Aprili 1966 alimwoa Verona Sealy. Siku hiyo wingu lilitanda, na uwanja ulikuwa haujafunikwa turubai. Mchungaji alipomuuliza kama anamkubali, yeye alikuwa anachungulia dirishani.

"Oswin," Mama Verona alimwambia mbele ya watu wote, "jibu kwanza, ndipo ukafunike."

Alijibu. Kisha akaenda kufunika.

Hakuwahi kuketi kutazama mchezo. Aliuzunguka uwanja tangu mpira wa kwanza hadi wa mwisho, jicho moja mawinguni. Watu walimpigia kelele: "Trotman, kaa chini bwana, unatuziba!" Naye akajibu: "Hao wachezaji mmelipa kuwatazama. Mimi nitazameni bure!"

Lipo jambo ambalo familia imeniruhusu kulisema. Jumamosi tarehe 13 Juni 1998 tulikuwa na fainali ya kombe. Gibbs Hollow ni bondeni, na mvua ikinyesha maji hutafuta penye upenyo. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha, na turubai ya kona ya upande wa shamba la miwa haikuwekewa mifuko ya mchanga ya kuikandamiza. Maji yakapita chini yake, katikati pakawa tope, fainali ikahamishwa. Tangu hapo hatukupewa fainali nyingine. Kamati ya kombe ilipouliza nani alifunga kona ile, marehemu alisema, "Mimi." Kwa miaka ishirini na minne watu walimtania pombe ya rumu ikiwapanda, wakimwita Kapteni Tope, naye akacheka nao. Kona ile niliifunga mimi. Nilinyamaza, na yeye hakuwahi kunikumbusha.

Mwaka 2020 figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na hata kitandani miguu yake ilikuwa inatembea. Wauguzi walimfunika, akajifunua. Mwaka huu kamati iliturudishia fainali, ichezwe Jumamosi tarehe 11 Juni 2022. Alipoambiwa, aliomba viatu vyake, akasahau kwamba kule haviingii. Alifariki hospitalini Ijumaa tarehe 10 Juni, saa tano na robo asubuhi, akiwa na miaka themanini. Usiku ule mvua ilinyesha sana. Kesho yake mchezo ulianza kwa wakati, na katikati palikuwa pakavu.

Ameacha mjane, Mama Verona, watoto wawili, Marcelle, ambaye ni mke wangu, na Hallam, wajukuu watano, dada yake Eulene, na uwanja mmoja. Tunamwombea pumziko la amani, ingawa hakulizoea.

Asubuhi ile ya Ijumaa nilikwenda kumwona. Nje kulikuwa kumeanza manyunyu. Alinishika mkono.

"Umefunika?"

"Nimefunika, Mzee."

"Kona ya upande wa miwa?"

"Nayo. Mifuko sita."

Nilitaka hatimaye nimwombe radhi, nikaanza, "Mzee, ile ya mwaka tisini na nane..." Akautikisa mkono wangu kama mtu anayefukuza nzi.

Nilikwenda uwanjani. Nilikuta mfuko mmoja umeteleza, na upepo umeanza kuinua ncha ya turubai. Niliurudisha, nikaongeza wa saba. Nilikuwa bado nimepiga magoti pale, pekupeku, Marcelle aliponipigia simu kutoka hospitalini.

Alichoniambia Mzee kabla sijatoka chumbani mwake ni hiki: "Hiyo niachie mimi. Wewe kaangalie tena."